Shilingi Nne

Mzee wa chumba namba sita ana kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti tangu nimfahamu. Hulificha chini ya kitanda, upande wa ukutani, na kwa kuwa magoti yake yamegoma, mimi ndiye ninayetumwa kulitoa. Nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Liverpool, zamu za usiku zaidi, na kuna usiku wazee hawalali. Huyu wa namba sita usingizi ukimkataa huomba kopo lake. Ndani mna vitabu vya mechi, vile vijarida vinavyouzwa nje ya uwanja siku ya mchezo, vingine karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mna na vipande vya tiketi, vichache, karibu vyote vya mechi za kombe. Nilipomuuliza za ligi ziko wapi, akanitazama kama niliyemdai risiti ya maji ya mtoni.

"Kop haikuwa na tiketi, kijana. Unafika mlangoni, unatoa shilingi zako nne, unasukuma chuma, umeingia."

Kop ni lile jukwaa la nyuma ya goli pale Anfield, uwanja wa Liverpool, enzi hizo la kusimama. Shilingi nne anazozisema ni za katikati ya miaka ya 1960, na mara ya kwanza kuzisikia nilicheka, kwa sababu mtu wa Tanga hategemei kusikia neno shilingi kinywani mwa kuli mstaafu wa Kizungu saa nane za usiku. Lakini shilingi ni yao. Sisi tuliirithi kwao, wao wakaiacha Februari 1971 walipobadili hesabu ya pesa zao, sisi tunayo mpaka leo ingawa nne zake hazikupi hata pipi. Kwao shilingi ishirini zilifanya pauni moja. Kwa hiyo mzee wangu aliingia Anfield kwa moja ya tano ya pauni.

Ukimwambia hivyo hakubali. Pauni ya siku zile si pauni ya leo, atakwambia, hesabu hiyo ni ya mjinga. Yeye ana kipimo chake. Alikuwa kuli bandarini, na anachokumbuka ni kwamba kiingilio kilikuwa nusu saa ya kazi. Nusu saa ya kubeba magunia, Jumamosi yako imeshalipiwa.

Kipimo hicho nimekiazima. Kila bei ya mpira ninayokutana nayo siku hizi naigeuza kuwa saa.

Mimi mpira nilioukulia ulikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni wa Mkwakwani, uwanja wa Coastal Union. Tulikuwa watoto wa Ngamiani, hela hatuna, na hatukuona aibu kutokuwa nayo. Tulikaa nje ya ukuta tukisikiliza, tukijua goli la nani kwa ukubwa wa kelele, hadi zikibaki dakika kumi na tano hivi mabawabu wanafungua mageti ili wanaotaka kuwahi daladala watoke. Wao wanatoka, sisi tunaingia. Nimeona mwisho wa mechi nyingi sana ambazo mwanzo wake siujui. Nilipomsimulia mzee akapiga paja. Kumbe na wao hivyo hivyo: mageti yalifunguliwa mchezo ukielekea ukingoni, na watoto wasio na senti wakamiminika. Tena pale Kop palikuwa na kona iliyozungushiwa uzio wa chuma, wakiiita zizi la wavulana, ambako watoto walilipa kidogo kuliko wakubwa kisha wakatumia nusu ya mchezo kutafuta namna ya kuparamia uzio waingie kwa baba zao.

Mlango wa pili ulikuwa kibanda umiza. Wasiokijua, ni banda la mabati, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, gunia la katani mlangoni kuzuia wachungulizi, na mbele runinga moja na king'amuzi kimoja vinavyolindwa kuliko mtoto mchanga. Jina lake si la utani. Unaumia mgongo, unaumia joto, na timu yako ikifungwa unaumia roho. Kiingilio chetu kilikuwa shilingi mia mbili.

Usiku wa tarehe 25 Mei 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya pale Istanbul, Liverpool na Milan, mwenye banda alipandisha hadi mia tatu. Hakuna aliyebisha, fainali ni fainali. Saa tatu na dakika arobaini na tano usiku mpira ukaanza, na saa ya Istanbul majira yale ni sawa na yetu, kwa hiyo kwa mara moja tulikuwa na Ulaya usiku mmoja. Mapumziko Milan wanaongoza tatu bila. Nusu ya banda ikanyanyuka. Mmoja akadai arudishiwe hela yake. Mwenye banda akamjibu, "Shekhe, mpira haujaisha, na hapa hela haijapata kurudi tangu nifungue." Basi Gerrard akafunga, Smicer akafunga, Alonso akafunga, yote ndani ya dakika sita, na wale walioondoka wakarudi mbio wakihema, wakakutana na kopo la majarini mlangoni. Walilipa upya, mia tatu kamili. Tisini zilipokwisha tatu kwa tatu, yule bwana akainuka, akazima runinga, akatugeukia: "Muda wa nyongeza, hela ya nyongeza. Mia mia." Tukalipa. Tungefanyaje? Penalti alituachia bure, akasema hizo ni zawadi.

Nimesoma matamko mengi ya klabu kubwa kuhusu bei za tiketi tangu siku ile, yenye "uwekezaji" na "uendelevu" kila mstari. Sijakutana na mkweli kama yule bwana.

Watu wanaoandika juu ya ughali wa mpira wa Uingereza aghalabu huanzia mwaka 1992, Ligi Kuu ilipozaliwa. Mzee wangu huanzia tarehe 15 Aprili 1989. Siku hiyo Liverpool walicheza na Nottingham Forest nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Mashabiki waliingizwa kwa wingi katika vizimba vya chuma nyuma ya goli ambavyo tayari vilikuwa vimejaa, mbele kuna uzio, na watu wakabanwa mpaka wakafa. Hesabu ya waliokufa leo ni 97; wa mwisho alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Kwa miaka mingi mashabiki wenyewe walisingiziwa ulevi na fujo, na ilibidi kusubiri hadi Aprili 2016 ndipo baraza la uchunguzi likatamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Mzee hasemi alikuwa wapi siku ile. Sijamuuliza.

Jaji Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990. Pamoja na mengine alitaka viwanja vya madaraja mawili ya juu viwe vya kukaa vitini pekee ifikapo Agosti 1994. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Taylor aliliona suala la bei likija. Alitoa mfano wa Ibrox kule Glasgow, ambako kusimama ilikuwa pauni 4 na kukaa pauni 6, akaona tofauti hiyo si ya kumfungia mtu mlango. Alikuwa jaji. Biashara ya mpira hakuijua, au aliwadhania mema wenye nayo.

Msimu ule wa 1989-90 mtu mzima alisimama Kop kwa pauni 4. Manchester United kiingilio cha chini kilikuwa pauni 3 na nusu, Arsenal pauni 5. Ukija mwaka 2011, tiketi ya bei ya chini Anfield ilikuwa pauni 45, Manchester United 28, Arsenal 51. Katika miaka hiyo gharama za maisha kwa jumla zilipanda kwa asilimia 77 hivi. Kwa mwendo wa mkate na nauli ya basi, pauni 4 za Kop zilipaswa kufika pauni 7 na senti chache. Zilifika 45.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa viti. Ni kweli viti vilipunguza watu. Kop iliyowahi kubeba watu 28,000 siku za msongamano ilibaki na viti kama elfu kumi na mbili. Ni kweli ujenzi uligharimu, ingawa serikali ilipunguza kodi ya kamari ya mpira ili fedha hizo zisaidie klabu kujenga, kwa hiyo sehemu ya viti vile aliilipa mcheza kamari yule yule aliyekuja kuuziwa baadaye. Lakini hakuna kiti cha plastiki kinachoeleza kutoka 7 kwenda 45. Watu 97 walikufa, dawa iliyoandikwa ikawa viti, na mlemle kwenye dawa mtu akachanganya biashara yake.

Mzee alikuwepo siku ya mwisho ya Kop ya kusimama, tarehe 30 Aprili 1994. Walifungwa na Norwich moja bila. Kopo lina kitabu cha mechi hiyo na ndicho pekee ambacho hataki nikishike. (Jina Kop, kwa taarifa tu, limetoka Afrika: Spion Kop ni kilima cha Afrika Kusini ambako Januari 1900 wanajeshi wengi wa pande hizi za Lancashire walifia vita vya Waingereza na Makaburu. Nimeshamwambia mzee kwamba kwa haki jukwaa ni letu. Hajafurahi.)

Baada ya hapo alienda mara mbili tatu, akaacha. Nilidhani ni bei. Akasema bei ni nusu ya jambo. Hadi 1967 makuli wa Liverpool walichaguliwa asubuhi kwa asubuhi, kama vibarua wa soko letu la samaki: unasimama kwenye kundi, ukichaguliwa una siku, usipochaguliwa rudi nyumbani. Mtu wa maisha hayo hajui Jumatatu kama Jumamosi atakuwa na hela. Anajua Jumamosi yenyewe, saa sita mchana, akijipapasa mfukoni. Mpira wa kulipa mlangoni ulimfaa. Mpira wa leo unataka uamue miezi kabla, ulipe uanachama kwanza, uingie kwenye bahati nasibu ya kupata haki ya kununua, ulipe kwa kadi. Hata wakishusha bei, yule kijana wa kuli hawezi tena kujitokeza tu. Hili sijaliona kwenye makala yoyote ya wachumi, nimelipata kwa mzee mwenye soksi za sufu saa tisa za usiku.

Sasa niseme kinachonikera zaidi.

Mwaka 1992 Ligi Kuu ilianza na mkataba wa runinga wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Mkataba wa sasa wa ndani ya Uingereza pekee, ulioanza msimu wa 2025-26, ni pauni bilioni 6.7 kwa miaka minne. Na haki za kuonyesha nje ya Uingereza sasa zinaingiza zaidi ya hizo za ndani. Nje ndiko kwetu: king'amuzi cha Ngamiani, baa ya Sinza, simu ya bodaboda anayechungulia matokeo kwa bando la mia tano. Mapato ya mlangoni, ukiweka tiketi na vyakula na vyumba vya mabwana wakubwa, ni kama moja ya saba ya mapato ya klabu za Ligi Kuu. Maana yake klabu ikipandisha tiketi ya kawaida kwa pauni mbili haipati hata mshahara wa beki wa akiba. Lakini yule mwenye tiketi anaisikia pauni hiyo.

Na anauza nini, yule aliyepo jukwaani? Juni 2020, wakati wa korona, ligi iliporudi bila watu, runinga zilituwekea kelele za kurekodi, zilizotolewa kwenye mchezo wa kompyuta. Mnakumbuka. Waliozima kelele hizo wakasikia wachezaji wakiitana kama mazoezini, na mpira ukawa chakula kisichotiwa chumvi. Siku zile ndipo nilipoelewa kwamba shabiki wa Anfield hayumo kwenye hesabu kama mteja tu; yeye ni sehemu ya bidhaa tunayouziwa sisi. Tunalipia goli na tunalipia mngurumo wa goli. Sasa mpiga ngoma wa harusi umwite aje kuchangamsha shughuli, halafu mlangoni umdai mchango!

Wajerumani, kwa ubahili wao wote, hili wanalielewa kidogo. Dortmund bado wana jukwaa lao la kusimama la watu wapatao elfu ishirini na tano, tiketi za bei nafuu, na dunia nzima inanunua picha za ukuta ule wa njano. Uli Hoeness wa Bayern aliwahi kusema hawaoni mashabiki kama ng'ombe wa kukamuliwa. Na Hoeness si sheikh wala padri, ni mfanyabiashara wa soseji.

Tarehe 6 Februari 2016 nilikuwa Dar, baa moja Sinza, Liverpool wanacheza na Sunderland. Mbili bila, mambo shwari. Dakika ya 77 tukaona watu wananyanyuka. Si mia wala mia mbili; majukwaa yanapukutika, karibu watu elfu kumi wanatoka, na timu yao inaongoza. Baa ikajaa nadharia. Mmoja akasema kuna moto. Mwingine akasema treni ya mwisho. Mhudumu akasema Wazungu wanawahi kulala. Sunderland wakarudisha moja, wakarudisha la pili dakika ya 89, ikaisha mbili mbili, nasi tukaondoka tukiwatukana mashabiki kwa kuisaliti timu.

Kumbe zilikuwa dakika 77 kwa sababu ya pauni 77. Klabu ilikuwa imetangaza tiketi za bei hiyo kwenye jukwaa kuu jipya la msimu uliofuata. Siku nne baadaye wamiliki waliomba radhi, wakafuta 77, bei ya juu ikabaki 59. Mwezi uliofuata klabu zote za Ligi Kuu zikakubaliana kwamba shabiki wa timu inayocheza ugenini hatalipishwa zaidi ya pauni 30, na kikomo hicho kimedumu. Nawaomba radhi kwa niaba ya baa nzima ya Sinza.

Ila nisije nikawalilia Wazungu peke yao. Mdogo wangu yuko Tanga na ni mtu wa Jangwani wa kufa na kupona. Mechi ya watani anaikata ya mzunguko, ile ya elfu tano, kule juu kwenye Uwanja wa Mkapa. Sisi husema elfu tano ni hela ya soda na chipsi. Niipime kwa kipimo cha mzee: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha wafanyakazi wa biashara na viwanda shilingi 150,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata chini ya 5,800. Kwa kima hicho mzunguko ulikuwa karibu siku nzima ya kazi. Bado hujala, bado hujapanda mwendokasi kwa kusukumana, bado jezi mpya ya msimu. Na mtu wa mkoani aongeze basi. Tarehe 8 Machi 2025 mdogo wangu alikuwa ameshafika Dar mechi ikaahirishwa siku ile ile, ikachezwa Juni 25 wakati yeye hana tena nauli. Nani alikosea sitaingia, maana kwenye mjadala huo hakuna anayetoka na meno yote. Nasema tu kwamba hasara ya nauli haiko kwenye takwimu yoyote ya kiingilio.

Mwaka jana aliniuliza kama kweli huku tiketi ni ghali. Nikamwambia ni ghali kwao. Akasema, "Kaka, si useme tu ni rahisi?"

Na mimi niliingia Anfield, naam. Niliishi mji huu miaka miwili nikiipita kwa miguu kabla ya kuthubutu. Nililipa uanachama, pauni thelathini na kitu, nikaingia bahati nasibu nikakosa, nikakosa tena, kisha nikapata mechi na Burnley, Jumamosi tarehe 10 Februari 2024, saa tisa alasiri. Tiketi pauni arobaini na kitu. Kima cha chini cha mshahara wakati ule kilikuwa pauni 10.42 kwa saa, na kazi yangu haijawahi kukivuka kwa mbali. Saa nne za kugeuza wazee vitandani, kuosha, kulisha, kubembeleza. Mzee alinifanyia hesabu hiyo kabla sijamaliza kumwambia bei, akatikisa kichwa: mara nane.

Kiti changu kilikuwa juu kabisa kwenye jukwaa la Anfield Road, lililokuwa ndio kwanza limekamilika kupanuliwa. Watazamaji walikuwa 59,896, rekodi ya mechi ya ligi pale kwa wakati ule. Kushoto kwangu bwana mmoja wa Norway na mwanawe, wamekuja kwa ndege na hoteli na tiketi ndani ya mfuko mmoja wa safari, na bei aliyonitajia ningeweza kuwatumia mama na mdogo wangu wakaishi nayo miezi. Alirekodi kona. Alirekodi mpira wa kurusha. Nikaanza kumcheka moyoni, mtalii huyu, mpaka nikajiangalia: kofia mpya, simu mkononi, nimepiga picha ya kiti. Mahali hapo pangeweza kukaliwa na mjukuu wa kuli yeyote wa mji huu. Sikuwa na haki ya kumcheka mtu.

Marehemu Diogo Jota alifunga dakika ya 31 kwa kichwa. Burnley wakarudisha kabla tu ya mapumziko. Luis Díaz, kisha Núñez, tatu moja. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, ila niseme ukweli, palikuwa na vipindi virefu vya ukimya kule juu, watu tumekaa kama kwenye mkutano wa wazazi. Katikati ya kipindi cha pili simu ikatetema: binamu yangu, kibandani Ngamiani, kule ni saa moja ya jioni sasa. "Umeliona lile la kuotea?" Sikuliona. Yeye alishaliona mara tatu kwa marudio, kwa shilingi elfu moja.

Na mzee, aliyekuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka pale, hakuweza kuiona kabisa. Hili nalo liliniacha hoi. Uingereza hakuna mechi inayoonyeshwa mubashara Jumamosi kati ya saa nane na dakika arobaini na tano mchana na saa kumi na moja na robo jioni. Ni kawaida ya tangu miaka ya 1960, iliyopiganiwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley hao hao, kwa hofu kwamba watu wakiona mpira bure nyumbani wataacha kwenda viwanja vidogo. Sina ugomvi nayo. Klabu ndogo nyingi zinaishi kwa viingilio vya Jumamosi. Lakini hebu panga watu watatu kwenye mstari: mimi wa Tanga nimekaa kiti cha Anfield, binamu yangu anaitazama Tanga, na mwenye Anfield yake yuko kitandani anasikiliza dirisha.

Maana alisikiliza dirisha. Niliingia zamu saa mbili usiku, bado nina kofia. Nikamkuta macho.

"Matatu nimeyasikia," akasema. "Wao walipata?"

"Moja."

"Lini?"

"Karibu na mapumziko."

Akafikiri. "Nilidhani ni upepo umebadilika."

Akaomba tiketi aione. Sikuwa nayo, tiketi ilikuwa kwenye simu, unaigusisha mashine mlangoni basi. Nikamwonyesha, akageuza simu juu chini akanirudishia. Nikakumbuka nilimnunulia kitabu cha mechi. Nikainama, nikalitoa kopo, nikakiweka mapajani mwake. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye jalada mpaka alipoiona bei, karibu pauni nne, ambayo ndiyo iliyomwingiza Kop msimu wa 1989. Akatoa tusi moja fupi la kikuli. Kisha akakipangusa kwa mkono wa pajama, akakitia koponi juu ya vingine.